Walio Chini ya Chumba cha Mama

3 Februari

Baba Kijino,

Natumaini hujambo na kazi. Sisi hatujambo, ila kuna kitu chini ya chumba cha mama yako.

Nilipoanza kusikia nilidhani ni panya. Panya hawaguguni hivi. Hiki kinatafuna kama mtu anayepiga msasa mlango, kinapumzika, kinaanza tena. Juzi asubuhi nilikuta shimo nyuma ya nyumba, karibu na bomba, pale ulipoacha uwazi ili mbao zipate hewa. Kichwa changu kinaingia na kilemba chake. Mlangoni mwa shimo niliokota miiba mirefu kama kalamu, nyeusi kwa nyeupe. Nikampelekea kaka yangu, akaicheki akacheka. "Dada, una nungunungu. Hongera kwa kupata wapangaji." Unamjua shemeji yako, hata msibani hakosi la kuchekesha.

Viazi vyangu vya nyuma vimefukuliwa vyote, lakini viazi si hoja. Nimelala kifudifudi na tochi nikamulika ndani. Ile boriti ya katikati, inayobeba sakafu ya Mama, imeng'atwa pande zote mbili. Imebaki kiuno cha nyigu.

Nimemuuliza Mama kama anasikia kitu. Anasema hasikii lolote, mimi ndiye mwenye masikio ya umbea. Na kaniagiza nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie yule sufuria bila mfuniko kwamba bado niko hai, na sakafu yake inalia kama ngoma ya kuazima." Nimeandika kama alivyosema.

Fundi ni wewe. Niambie la kufanya, au uje.

Mkeo,
Mama Kijino

19 Februari

Mama Kijino,

Barua nimeipata kwa dereva wa lori la saruji. Imekunjamana na ina vidole vya grisi, lakini imefika. Huku simu haishiki kabisa, kwa hiyo tuendelee kumbembeleza dereva huyu. Usimpe kitu, nimeshampa soksi zangu nzima.

Unajua shule yangu iliishia wapi, basi nitaandika kama ninavyoongea.

Kwanza hiyo sakafu. Mama alikuwa hawezi tena baridi ya saruji, miguu inamvimba mpaka viatu vinamkataa. Mimi nilikuwa nimetoka kujenga nyumba ya tajiri mmoja, sakafu ya mbao, chini uwazi, hewa inapita. Nikasema na mama yangu atakanyaga mbao. Mtaa mzima hakuna mwenye sakafu kama ile. Watu walikuja kuikanyaga, wengine wakavua viatu bila kuambiwa. Nilijivuna, sikatai. Sikujua kwamba najenga nyumba mbili, ya juu ya Mama, ya chini ya nungunungu.

Sasa fanya hivi. Usiingize mkono humo hata kidogo, mwiba wa nungunungu ukiingia kutoka kwake ni shughuli. Anza na moshi. Shemeji aokote majani mabichi na pilipili kavu, avichome mlangoni mwa shimo. Wakikaidi, chekecha majivu mlangoni jioni. Mnyama huyu hulala mchana, giza likianza anatoka kutafuta chakula. Ukiona nyayo zimetoka hazijarudi, ziba. Mawe makubwa kwanza, halafu saruji. Ule mfuko nilioweka kwa ajili ya jiko, utumie wote. Usiache hata tundu la kupitisha ngumi, maana atalipanua.

Kuja siwezi. Msimamizi ametangaza kwamba atakayeondoka kabla ya nyumba kukabidhiwa asigeuke nyuma. Nimechoka, sikufichi. Asubuhi inabidi niubembeleze mgongo kwanza ndipo niamke mimi. Lakini pa kulala ni pazuri. Tuko chumba cha chini kabisa cha nyumba hii tunayojenga, kuna ubaridi, mbu hawafiki. Niko na Domo, fundi mwenzangu, na wenzetu wengine. Domo anakohoa, anasema ni vumbi la saruji. Mimi nasema ni maneno, yamemjaa mpaka kifuani.

Mwambie Mama sufuria bado iko motoni.

Mumeo,
Fundi

8 Machi

Baba Kijino,

Tumefanya yote uliyosema, na nikuhadithie ya moshi upate kucheka.

Kaka alikuja na gunia la majani na pilipili za kulisha kijiji. Akajifunga shuka usoni kama mwizi wa kuku, akawasha, akawa anapepea kwa ungo. Nungunungu hawakutoka. Moshi ukapita chini, ukapanda kwenye nyufa za mbao, ukaingia chumbani kwa Mama. Akatoka Mama! Alitoka na mto kichwani, macho mekundu, akasimama uani akisema, "Kumbe ni mimi mnayemtoa? Si mngesema tu, ningefunga virago kwa heshima." Kaka akaomba radhi mpaka akapiga magoti. Mama akamwambia, "Na wewe mpishi wa kuzimu, nyanyuka, unanikanyagia kivuli." Kijino alicheka mpaka akajikojolea.

Basi tukafuata njia ya majivu. Jioni ile ile nyayo zikatoka, kubwa, mguu kama wa mtoto mdogo aliyekanyaga upande. Tulisubiri kidogo. Kimya. Tukaziba. Kaka kavingirisha mawe, mimi nikakoroga saruji, nikamalizia kwa mwiko wako. Ungeona usingeamini ni kazi ya mwanamke asiye fundi. Yule mkubwa alirudi, nikasikia miiba yake ikigongana nje kama vijiti vya kusukia, akazunguka zunguka, akaondoka.

Tangu hapo kimya. Nimelala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Mama hana furaha, sijui kwa nini. Hali vizuri. Nilipomwambia nakuandikia akasema, "Mwambie kijiti cha kuchokolea meno kwamba mkewe ana mikono ya mlinzi wa gereza." Nimeandika na hilo.

Asante kwa maelekezo. Ulikuwa kama uko hapa.

Mkeo,
Mama Kijino

15 Machi

Wewe kichwa cha tofali,

Ni mimi mama yako nasema, mkeo anaandika. Nimemwambia asipunguze neno wala asiongeze.

(Sipunguzi, Mama.)

Kuna watoto chini ya kitanda changu. Mkeo na kaka yake wamemfungia nje mama yao, watoto wamebaki ndani. Nawasikia. Wanalia kwa sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Mchana wananyamaza, jioni wanaanza. Nimemwambia huyu aje kusikiliza, amekuja, amesimama mlangoni kama mgeni, akasema hasikii. Utasikiaje umesimama? Lala chini uweke sikio.

(Nilisikiliza Baba Kijino, sikusikia kitu. Anaandikisha hivi kwa sababu nimemkasirisha. Nimemkuta akipenyeza maganda ya viazi kwenye ufa wa sakafu. Amekuwa akiwalisha tangu mwanzo! Ndiyo maana hawakuondoka. Mimi nahangaika na moshi, yeye anawapikia.)

Andika na hilo, sioni aibu. Niliwalisha. Wewe uliniwekea mbao nzuri, ukaondoka. Aliyelala peke yake anasikia saa ya ukutani tu. Walipokuja nikawa nasikia mtu akigeuka chini yangu, akijikuna, akihema. Kama ulipokuwa mdogo tukilala chumba kimoja. Nikasema ngoja wakae, watu wengi wana wageni wabaya kuliko hawa.

Sasa nakwambia wewe, kwa sababu huyu hanisikii mpaka wewe useme. Mwambie afungue. Na wewe mwenyewe ukijenga huko kwa watu, kabla hujaziba shimo lolote, weka sikio kwanza. Fundi gani anaziba asichokisikiliza?

Mama yako

4 Aprili

Mama Kijino,

Barua ya moshi imefika. Niliwasomea wenzangu tukiwa tumelala, Domo akacheka akakohoa, akacheka akakohoa, mpaka tukamwinua akae. Sasa hapa hatuitani majina, kila mtu ni mpishi wa kuzimu. Na kazi yako ya mwiko nimeisifia kwa kila mtu. Nikirudi utanifundisha.

Ya kwangu si mengi. Nyumba imekaribia kwisha, tuko kwenye rangi na vigae. Mwenye nyumba amekuja na mkewe kuiona. Mkewe akasimama sebuleni, akanusa, akauliza mbona kuna harufu na kuna kitu kinakohoa chini ya sakafu. Sisi tuko chini pale tunasikia kila neno. Domo kajiziba mdomo kwa blanketi. Msimamizi akajibu, "Ni mafundi, mama. Wanatoka." Basi yule mama akachukua chupa ya manukato akapuliza kwenye ngazi za kushukia kwetu. Tulipiga chafya sote. Nikakumbuka pilipili za shemeji, nikacheka peke yangu gizani.

Nilikuambia pa kulala ni pazuri. Si pazuri. Ni pale pa kuwekea mapipa na mabomba, ukisimama wima kichwa kinagonga dari, na maji ya kuta yanatulowesha. Nilisema pazuri ili usiwaze. Sasa nasema kwa sababu tunatoka, na kitu ukishakiacha ni rahisi kukisema.

Rangi ikikauka nitaziba mlango wa huko chini mimi mwenyewe, tofali na lipu, msimamizi anataka ionekane kama hapakuwahi kuwa na mlango. Nimemuuliza tutalala wapi. Kasema tutapangiwa. Na wanasema sasa hatuendi nyumbani kwanza, kuna jengo jingine, mbali zaidi kuliko hapa. Sijakubali. Sijakataa vilevile. Nina hofu nikirudi mikono mitupu Mama atanipa jina ambalo halijawahi kusikika.

Mbona barua yako ina wiki nyingi njiani? Mama kashaanza kula?

Mumeo,
Fundi

21 Aprili

Baba Kijino,

Nakutumia na barua ya Mama ya mwezi uliopita. Tuliiandika pamoja, nikaahidi kuituma, sikuituma. Niliona ni ugomvi wa jikoni, kwa nini ukusumbue huko. Isome kwanza, halafu urudi kwenye hii.

Mama alikuwa anasema kweli. Watoto walikuwa ndani.

Yule mkubwa hakuondoka kama nilivyodhani. Alikwenda kona ya nyumba, ile ya upande wa chumba cha Mama, akaanza kuchimba kutoka nje. Kila siku kaka alifukia, kila usiku mnyama akachimba upya. Mvua zikaja. Maji yakaingia kwenye shimo lake, msingi ukalegea, kona ikashuka. Ukuta una ufa napitisha mkono. Na ile boriti ya katikati haikuhimili, ikakatika pale pale palipokuwa na kiuno.

Watoto tumewakuta baada ya sakafu kufunguka. Wamelala mmoja juu ya mwenzake, miiba yao bado laini. Kaka alivua kofia. Hakusema lolote la kuchekesha.

Mama aliteleza kidogo siku ile. Yuko kwa dada yangu, amepumzika. Usiwe na wasiwasi, na usivunje kazi kwa ajili hiyo. Anakusalimu sana, anakuombea mema, anasema ufanye kazi kwa bidii.

Mimi na Kijino tuko chumba cha mbele. Mlango haufungi tena sawasawa kwa sababu fremu imepinda, naegemeza meza.

Mkeo,
Mama Kijino

10 Mei

Mama Kijino,

Barua zote mbili zimefika pamoja, asubuhi ya siku ya kuziba mlango. Dereva alinikuta tayari nimekoroga. Nikaziweka mfukoni, nikapanga mistari ya kwanza ya tofali, nikaketi kupumzika, nikaanza na ya Mama kwa sababu ndiyo iliyoanza kwa tusi.

Msimamizi alikuwa ameshaniambia wote wametoka, vitu vimetolewa, wapo barabarani na mafurushi yao. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini, nilimuona akihesabu watu. Lakini nikasoma pale Mama anaposema weka sikio. Nikaona aibu mwenyewe, mtu mzima kulala chini mbele ya wasaidizi kwa sababu mama yake kasema. Nikalala. Nikaweka sikio.

Kulikuwa na mtu anakohoa.

Domo alikuwa ameshindwa kuamka. Homa ilimpanda tangu jana yake, akajikunja nyuma ya mapipa na blanketi lake, sisi wenzake tukadhani katangulia barabarani. Hakuweza kuita, kifua hakikuwa na upepo wa kuita. Nilibomoa kwa mikono, tofali zilikuwa bado mbichi. Tulimtoa amekuwa mwepesi kama turubai. Alinitazama akaniambia, "Mpishi wa kuzimu, ulikuwa unaniziba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kazi safi lakini, mistari imenyooka."

Msimamizi alilalamika kwamba nimeharibu saruji. Nikaanza upya, nikaziba. Sasa ukipita pale huwezi kujua kwamba palikuwa na mlango, wala kwamba kuna watu walilala humo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaki kuiona tena.

Tunalala chini ya tela la lori. Domo anarudishwa kwao na dereva, amekaa mbele, barua hii iko juu ya magoti yake. Sijui kama atafika. Ukimuona, mpe maji ya moto.

Ya nungunungu nimesoma. Ni mimi niliyesema ziba. Nilikuambia uangalie nyayo zinazotoka, sikukuambia uulize zinaacha nani. Kwa hiyo usibebe hilo, au tulibebe wawili.

Sasa sikia. Barua yako hii ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo yake inakatika. Nimeitafuta mbele na nyuma. Umeandika Mama ananisalimu sana. Umeandika ananiombea mema. Mama Kijino, mama yangu hajawahi kunisalimu sana maisha yake yote. Hata nilipooa alinipongeza kwa kuniita pumbu la jogoo, watu wakaacha kula. Barua ya kwanza niliitwa sufuria. Ya pili kijiti. Ya tatu kichwa cha tofali. Katika hii sijaitwa chochote.

Kama nimekosea, niandikie tusi lake. Moja tu. Nitalijua kama ni lake.

Ile kazi ya mbali nimekubali. Gari linaondoka na sisi wiki hii. Si kwamba naitaka. Nilikuwa narudi kwenye chumba kile cha Mama, na sasa hakipo.

Mumeo,
Fundi

28 Mei

Baba Kijino,

Sijui barua hii itakufuata mpaka wapi. Dereva anasema atampa dereva mwingine.

Rafiki yako Domo alipita hapa. Hakuweza kushuka kwenye lori, nikampelekea maji ya moto pale pale kitini. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye kaka wa pilipili?" Akatabasamu. Dereva karudi juzi. Amesema hawakufika kwao, alikata roho njiani.

Nimekaa na kalamu tangu nilipofua. Nilijaribu kutunga tusi. Nilipata kama matatu, nikayasoma kwa sauti, Kijino akaniambia Bibi hasemi hivyo. Nimeyakata.

Nakwambia ilivyokuwa. Mama alikuwa amebandua mbao mbili chini ya kitanda, kwa jembe langu la mkono, kidogo kidogo, mimi nikiwa shambani. Nilimkuta amelala kifudifudi, mkono wote uko chini, anawaita wale watoto kwa jina lako la utotoni. Nilipomkimbilia ili nimwinue, mbao hazikubeba uzito wa watu wawili. Mimi nilishika mlango. Yeye alikwenda na boriti. Kiuno chake kilivunjika. Tulimpeleka kwa dada kwa sababu chumba hakikuwepo tena, akakaa siku chache, akatuacha. Kaka na majirani walifanya yote inavyopasa. Nilikuficha kwa sababu usingeruhusiwa kuja, na nilitaka uendelee kuwa na mama kwa muda kidogo.

Nyumba tumeiacha. Kaka ameng'oa mlango na madirisha kabla wengine hawajang'oa. Yule nungunungu amerudi. Anaingia kwa kona iliyoanguka, anatokea kwenye chumba cha Mama, anazunguka juu ya zile mbao zako zilizobaki. Kaka alikuja na rungu. Nikamwambia amwache, sasa ni pake.

Ulitaka tusi lake. Siku ya mwisho nilimuuliza kama kuna la kukuambia, nikakaa na karatasi tayari, nikajua nitasikia jipya. Alifikiri sana. Akasema, "Mwambie mwanangu sakafu ilikuwa nzuri."

Ndiyo maana sikuliandika. Nilijua ukilisoma tu, utajua.

Mkeo,
Mama Kijino